Aliyetua Shambani mwa Viazi

Simu ilipigwa kutoka Kutus nikiwa nanyoa ndevu. Mpwa wa rafiki yangu wa zamani alisema shangazi yake ametutoka, amelala tu na hakuamka. Nilisimama mbele ya kioo na povu langu usoni, nikalia kidogo, na sioni haya kulisema. Kisha nikajikuta nacheka. Mwanamke huyu ambaye sote tulidhani angekufa kwa kuanguka kutoka angani amefia kitandani pake, chini ya blanketi mbili, mlango umefungwa. Wasomaji wangu mtanisamehe wiki hii nikiiacha bei ya kahawa na vituko vya wanasiasa wetu. Nina mtu wa kumsindikiza.

Tulijuana Nyeri, miaka ya tisini. Mimi nilikuwa mwandishi wa habari mchanga na yeye aliuza mitumba Majengo, si mbali na msikiti. Kibanda chake kilikuwa na ajabu moja ambayo wateja walishaizoea: hakikuwa na nguo juu. Majirani zake walitundika makoti hadi darini, yeye alipanga kila kitu kuanzia kiunoni kwenda chini. Sababu niliijua baadaye. Baba yake, mkulima wa Giakanja, alipanda mti wa mukima wa mpakani mwa shamba kukata matawi, kama kila mwenye shamba afanyavyo pale, tawi likamvunjikia. Binti alikuwa chini akiokota kuni. Tangu siku hiyo hakuweza kupanda hata kiti. Siku moja akafungua mtumba mpya na kukuta humo ovaroli la rubani, zipu kila mahali, ambalo hakuna mteja aliyelitaka hata kwa bei ya kutupa. Akalivaa mwenyewe. Na aliposikia kwamba askari mmoja mstaafu wa miavuli anafundisha raia kuruka pale uwanja mdogo wa ndege wa Nyaribo, akajiandikisha. Mtu mwingine angeanza na ngazi.

Mimi nilitumwa na mhariri kuandika habari hizo, lakini yule mwalimu aliniambia hazungumzi na mtu asiyefanya mazoezi. Ndivyo nilivyojikuta naruka kutoka nyuma ya pikapu, miguu imebanwa pamoja, nikibingirika kwenye nyasi Jumamosi moja. Na pikapu haikuwa imewashwa hata! Jioni nililala nikiota sakafu inafunguka. Tulifundishwa kwamba kamba iliyofungwa ndani ya ndege ndiyo ingeuvuta mwavuli ufunguke wenyewe, kazi yetu ni kuruka, kuhesabu kwa sauti na kuangalia juu. Wengine tuliitikia kwa kichwa. Yeye aliuliza.

“Mwalimu, na ikikataa kufunguka?”

“Uko na ya pili hapa kwa kifua.”

“Na hiyo ya pili ikikataa?”

“Hiyo sasa uliza pasta wako.”

Tulicheka. Lakini hakuwa amemaliza. “Mtu akiwa huko juu, mama yake akimwita, anasikia?” Tukacheka tena, ila mwalimu hakucheka. Alisema mwavuli ukishafunguka huko juu kunakuwa kimya sana, na ukikaribia ardhi unasikia kila kitu, mbwa, watoto, hata kuku wa watu.

Swali hilo halikuwa la mzaha. Mama yake alikuwa amekataa katakata. Kwao, mtoto akienda safari ya hatari, mzazi humtemea mate kidogo kifuani, na hiyo ndiyo baraka. Watu wa kanisa hawaizungumzii sana, lakini wengi wao wameipokea. Alikuwa ameiomba mara kadhaa. Mama alimwambia, “Baba yako alianguka urefu wa nyumba tu, tukamzika. Wewe unataka kuanguka kutoka kwa mawingu, na mate yangu?” Basi alikuwa na hofu mbili, ya kuanguka na ya kuanguka bila ruhusa. Ya pili, aliniambia, ndiyo iliyomnyima usingizi. Akipanda na kitu kikatokea, neno la mwisho kati yao litakuwa hapana.

Siku ilipofika alipanda bila baraka. Aliingia kwenye kile kindege kisicho mlango, uso umebadilika rangi, wala hakutupungia mkono. Mwalimu alikuwa naye ndani. Mimi nilikuwa zamu ya pili, nimekaa kwenye nyasi nikiomba mvua inyeshe. Ndege ilikuwa bado inazunguka ikipanda pale lori la kanisa lilipofika. Wakashuka akina mama, vitambaa vyeupe kichwani, na mbele yao mama yake, mjane wa Giakanja, viatu mkononi. Alinisemesha Kiswahili kwa kuwa hakujua mimi ni wa wapi.

“Ati ameenda?”

“Ameenda, mama.”

“Ngai! Nilikuwa nakuja kumshika.”

Hakukuwa na mtu wa kumshika tena. Alinikamata mkono na kucha zake zikaingia. Kitu cheusi kikadondoka kutoka kwenye ndege, na naapa sijawahi kuona kitu kikidondoka polepole namna ile na upesi namna ile. Kisha mwavuli ukachanua. Akina mama wakapiga vigelegele, wakavua vitambaa na kuvipunga wakiimba, vile wanavyompokea mtu arudiye nyumbani.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Redio ya klabu ilikuwa mbovu, kwa hiyo wanafunzi walielekezwa kwa bendera nyekundu kutoka katikati ya uwanja. Kila aliyefundishwa alijua: ifuate bendera, usiangalie kingine. Mwenye bendera alipunga mpaka akakaribia kuteguka bega. Mwavuli ukageuka, ukamwacha, ukatujia sisi. Kati yetu na yeye palikuwa na nyaya za simu. Mwenye bendera alipiga kelele akina mama wanyamaze, lakini nani angemsikia? Yule mjane aliendelea kuimba. Mimi nilifumba macho. Nilipofumbua, alikuwa ameshapita juu ya nyaya na ya ua wa seng'enge, ametua kwenye shamba la viazi la jirani.

Tulimkuta amekaa kwenye matuta, ovaroli limechanika, mdomo umejaa udongo. Mama alimpapasa miguu yote miwili. Akampiga kofi la bega. Kisha akafungua zipu ya shingoni na kumtemea mate kifuani.

“Mama, si nimeshashuka?”

“Hii ni ya kushuka. Ya kupanda sikupi.”

Wakaondoka naye kwa lori. Mchana nikaruka mimi. Niliifuata bendera, nikatua karibu na alama, mwalimu akanisifu. Lakini kwa muda wote ule hewani nilikuwa natafuta vitambaa vyeupe, na uwanja ulikuwa mtupu. Sikurudi tena. Yeye pia hakuruka tena, ila Jumatatu nilipita Majengo nikaona makoti yametundikwa hadi darini kibandani pake.

Mwaka jana nilimtembelea Kutus, alikokuwa na duka, tayari mgonjwa. Nikamtania juu ya viazi, kwamba alichanganya bendera na vitambaa. Akatikisa kichwa. “Bendera niliiona vizuri sana. Lakini ilishikwa na mtu simjui. Nilikuwa naogopa, nikasikia mama akiimba.”

Tunawasifu wanaothubutu, nami kwa miaka mingi nimewaandikia makala za sifa. Siku hizi vijana wetu wanapaa kwenda mbali kuliko kindege kile, na sisi wazazi tunaona aibu kuonekana tunaogopa, tunajifanya tumezoea. Mimi naona tuache kujifanya. Tuwaambie hapana ikibidi, lakini twende uwanjani.

Ijumaa tulimzika. Mama yake, mzee sana sasa, alishikiliwa pande mbili. Jeneza lilipoanza kushuka alijitoa mikononi mwa watu, akavua kitambaa chake cheupe na kukipunga, akakipunga mpaka udongo ukajaa.