Mkono Ule Kwenye Picha ya Kanisani Ni Wangu

Jina langu sitalitaja. Mkilijua mtanitemea mate, na mtakuwa mmenitendea haki. Nimekosa, tena kosa lenyewe nililirudia kila siku huku nikisifiwa.

Mimi ni mchoraji, nina kibanda changu Usa River, kando ya barabara ya Moshi. Nachora simba, tembo na Mlima Meru wenye mawingu, wageni wakipita wananunua. Rafiki yangu wa tangu shuleni nitamwita Eli, anafanya kazi kwenye shamba la maua hapahapa. Tulikuwa tunakunywa pamoja. Au niseme ukweli, tulikuwa tunalewa.

Asubuhi moja nilimkuta Eli amelala kwenye mfereji wa kumwagilia, maji yanamfika puani. Nilimvuta kwa mkono mmoja, maana kwa mwingine nilikuwa nimeshikilia mgomba nisianguke na mimi. Alipozinduka tulilia wote wawili. Siku hiyohiyo tukamwaga chupa iliyobaki, tukaapa kwamba sasa basi.

Eli aliacha kweli. Mimi niliacha wiki tano.

Halafu nikaanza kuficha gongo kwenye chupa ya thina. Thina ndiyo tunayooshea brashi za rangi ya mafuta, na harufu yake kali inafunika kila kitu. Chupa mbili zilikaa rafu moja, zote nimeziandika THINA kwa mwandiko wangu. Nikinuka, nasema ni kazi. Nikipepesuka, nasema ni mvuke wa rangi. Watu wakawa wananipa pole! Nikizikumbuka pole zile natamani kutapika.

Eli akatunga wimbo. Anapiga gitaa kwenye kwaya ya vijana, na wimbo ule ulipendwa sana: nilikuwa mferejini, mwenzangu akanipa mkono, tukaimwaga sote wawili, sasa twanywa maji. Huyo mwenzangu ni mimi. Kila ulipoimbwa watu waligeuka kunitazama. Siku moja mchungaji aliniita mbele nitoe ushuhuda, nikatoa, tena kwa machozi. Machozi yenyewe yalikuwa ya gongo.

Mchungaji akaomba niuchore ule wimbo, iwe picha kubwa ya kutundikwa kwenye ukumbi wa kanisa. Nikakubali haraka. Nilichora mfereji, migomba, Eli akiinuka majini, na mimi ukingoni nimeinama nimempa mkono. Uso wangu niliupendezesha. Nilijichorea macho ya mtu mwema.

Kila Jumamosi Eli alikuja nimchore. Anakaa juu ya ndoo ya rangi, anaimba polepole. Mara nyingine alikuja hata si Jumamosi, midomo imemkauka.

"Kaka, leo imenishika vibaya. Nimepita pale kilabuni, miguu ikagoma kuendelea. Niache nikae hapa kwako kidogo."

"Kaza moyo, kaka," namjibu. "Hata mimi nakaza."

Alikuwa anaondoka na neno hilo, "hata mimi", kama mtu aliyepewa dawa. Na mimi tumboni nina vikombe viwili tangu asubuhi.

Picha ilipokaribia kuisha, nilitoka nje mara moja kuongea na simu. Eli kwa wema wake akaona brashi zinakauka, akaamua kunioshea. Akachukua chupa, akamimina kwenye kopo.

Niliporudi alikuwa amesimama na brashi mkononi. Rangi ilikuwa imegandamana, haitoki. Kopo alikuwa amelisogeza puani.

"Kaka, hii thina haitoi rangi," alisema.

Mtu ana miezi kumi na moja bila tone, na mimi nimemwekea kopo zima mkononi. Alitetemeka mpaka gongo ikamwagikia viatu. Na mimi, Mungu anisamehe, wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba inamwagika.

Aliweka kopo mezani, akatoka bila kufunga mlango.

Kesho yake mkewe alinipigia. "Shemeji, Eli yuko kwako? Hajalala nyumbani."

Nikamwambia namtafuta. Nilimtafuta wapi? Vilabuni. Ndivyo nilivyomdhania. Kilabu cha kwanza sikumwona, nikaagiza. Cha pili sikumwona, nikaagiza. Cha tatu sikumbuki kama nilikuwa bado namtafuta.

Kumbe alikuwa Oldonyo Sambu kwa mjomba wake, anachunga ng'ombe. Alikimbilia huko ili awe mbali na vilabu na mbali na mimi. Hakunywa hata kidogo. Siku ya nne alirudi, akaja moja kwa moja kibandani, na safari hii hakukaa kwenye ndoo.

"Nilikuwa nikizidiwa najiambia, kama yeye ameweza, na mimi nitaweza," alisema. "Kumbe nilikuwa nashikilia hewa. Sasa jifute kwenye hiyo picha."

"Nijifute wote?"

Aliusogelea ule mkono niliouchora. "Mkono uache. Siku ile ya mferejini ulikuwa wa kweli."

Nikajifuta. Uso, macho ya mtu mwema, bega, vyote nikavipaka kijani cha migomba. Umebaki mkono peke yake, unatokea kwenye majani.

Sasa picha iko ukumbini, na waumini wanasema ule ni mkono wa Mungu. Mchungaji ameshahubiri juu yake. Bibi mmoja nilimwamkia shikamoo, akaniambia, "Marahaba, mwanangu. Mkono ule uliuona wapi?" Nikaingiza mikono mfukoni. Siku hiyo pia ilikuwa inanuka gongo.

Wewe unayemwambia mwenzako "hata mimi" wakati si kweli, acha. Kama unakunywa, mwambie unakunywa, ajitafutie mtu mwingine wa kumshika. Mlevi anayejulikana watu wanamkwepa, basi. Mimi nilikuwa mlevi wa kupigiwa makofi, na najionea kinyaa mpaka leo.

Nina siku tisa sasa bila tone. Sijamwambia mtu, maana nani ataniamini? Eli bado anaimba, ila ule ubeti wa mwenzangu ameutoa. Jumapili iliyopita nilimsogelea nje ya kanisa, nikamnyooshea mkono. Aliitikia salamu vizuri, akaniulizia hali. Mkono hakunipa.