Mwizi wa Ndizi Asiye na Ukoo

Enzi zile, kufaulu mtihani hakukutosha kukuingiza chuo kikuu. Ilibidi kwanza ufanye kazi, kisha tawi la Chama lithibitishe kwamba una tabia njema. Ndivyo mimi, kijana wa mjini, mtaa wa Bakoba, niliyejiona msomi kwa kuwa na kalamu mbili mfukoni, nilivyopelekwa Buganguzi kufundisha watu wazima kusoma. Mwenyekiti wa tawi, ambaye ndiye angenithibitisha, alikuwa mwanafunzi wangu. Alikaa dawati la mbele.

Vitabu vya kilimo cha kahawa tulivyoahidiwa havikufika. Lilifika sanduku la vitabu vya watoto vyenye picha za rangi: wanyama marafiki, na maisha ya watu mashuhuri. Tukaanza na wanyama. Kima anaiba ndizi za rafiki yake kobe, anapigwa, anaomba radhi, wanakula pamoja. Nilipofika penye kupigwa, mwenyekiti akasimama.

"Mwalimu, huyo si nkende?"

"Ndiye, mzee. Kima."

"Basi hapo anapigwa ndugu yangu."

Mhaya mzima, nilikuwa nimesahau kwamba kila ukoo una muziro wake, mnyama usiyemla wala kumdhihaki. Wa mwenyekiti ulikuwa nkende. Nyuma, bibi mmoja muuza rubisi, pombe ya ndizi, alicheka mpaka kitenge kikamlegea.

"Ukoo wenu mmeacha lini kuiba ndizi?"

Mwenyekiti hakucheka. Alisema hawezi kumthibitisha kijana anayetukana koo za watu, tena kwa picha za rangi.

Nikaona chuo kikuu kinaniponyoka kwa sababu ya kima. Haraka nikapendekeza tubandike vikaratasi juu ya neno "kima" na kuandika mnyama mwingine. Nikataja ngabi, yule swala wa msituni. "Thubutu!" wakasema waliokaa dirishani, ulikuwa muziro wao. Mbogo naye akapata mtetezi. Nikajaribu hata senene, mdudu asiyeweza kubeba ndizi moja, sembuse mkungu. Mzee aliyekuwa amesinzia akaamka kumtetea.

Tulibishana jioni nyingi kuliko tulizosoma. Hatimaye mwenyekiti akauliza, "Kuna mtu humu mwenye muziro wa bepari?"

Watu wakamgeukia mwanafunzi pekee mwenye duka. Akaapa kwamba kwao hakuna.

Nikabandika.

Mkaguzi wa elimu alipokuja kutoka wilayani Muleba, alimwita bibi wa rubisi asome. Akasoma bila kukwama: "Bepari alipanda mgomba wa kobe. Bepari aliiba ndizi. Kobe alimpiga bepari." Mkaguzi akakichukua kitabu, akakitazama, akakisogeza kwenye mwanga.

"Mama, huyu mwenye mkia ni nani?"

"Bepari, waitu," akajibu kwa heshima.

"Bepari ana mkia?"

"Kwani wewe umewahi kumwona asiye nao?"

Mkaguzi alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti alitazama paa. Miaka ile hakuna mtumishi wa serikali aliyetaka kusikika akimtetea bepari, hata kwa suala la mkia tu.

"Sahihi kabisa," akasema mkaguzi, na akatupongeza kwa kusoma na kwa mwamko.

Kesho yake nilikwenda kwa mwenyekiti nikiwa nimeshafunga sanduku langu. Alinikaribisha kahawa ya kutafuna, akanishika mkono kwa mikono yote miwili.

"Mwalimu, tabia yako ni njema mno. Nimewaambia wilayani kwamba hatuwezi kukuachia."

"Lakini mzee, chuo kikuu..."

"Chuo kinakimbia? Sasa tunaingia kwenye vitabu vya watu mashuhuri. Kuna shujaa mmoja humo anakula nyama, na picha haisemi ni nyama ya nini. Watu wa ngabi wameshaanza kuuliza."

Mwaka mzima uliofuata nilikuwa Buganguzi, nakala baada ya nakala, nikichora maharage kwenye sahani ya shujaa.