Kauboi wa Ibra

Ng'ombe sijapata kuchunga hata mmoja, lakini mji mzima wa Ibra, huku Oman, wananiita Kauboi. Jina nilikuja nalo kutoka Unguja. Utotoni nilikuwa nikienda sinema za mchana, na nikitoka nishakamata namna wale wapanda farasi wa Kimarekani wanavyoimba, sauti ikivunjika kooni kisha ikapaa. Bibi yangu akinisikia uani husema, "Huyu kaingiwa na nini, masikini?"

Tulipohamia Oman nilikuwa kijana. Nikapata kazi idara ya maji, nikajifunza Kiarabu ukubwani, na wenzangu ofisini wakiicheka lafudhi yangu. Jirani yangu alikuwa na farasi jike mpole, akaniazima siku ya harusi ya mdogo wake. Nikaingia uwanjani juu ya farasi, kofia pana kichwani, gitaa kifuani, nikaimba kwa Kiswahili wimbo niliotunga mwenyewe, wa mbuzi aliyekula kanga ya bi harusi. Kila nikitaja alichokula, watu waliitikia, "Mfungeni!" Wazee waliotoka Unguja walicheka mpaka wakajifuta machozi.

Tangu siku hiyo jirani akaniuzia yule farasi, nikawa naitwa kuimba harusini Nizwa, naitwa Sur. Nilifika mpaka mji wa Adam kwa wauza mifugo, wakanisikiliza kwa adabu, kisha wakauliza kama farasi anauzwa. Mke wangu ndiye aliyenishonea matamvua ya shati. Nikirudi safari alikuwa akiniuliza kitu kimoja tu: "Waliitikia?"

Alipofariki, watoto walikuwa washahamia Maskati. Kiswahili wanakisikia, lakini hunijibu kwa Kiarabu. Na waitikiaji wangu nao wakaanza kupungua. Nilikuwa nikenda kuzika nikijua kuwa huyu ndiye aliyekuwa na sauti nzito, yule ndiye aliyekuwa akianza kabla ya wenzake.

Kisha ikaja harusi moja katika mji wa Al Qabil. Ilikuwa alasiri, uwanja umejaa vijana, simu zote juu zinanipiga picha. Nikaimba ubeti wa kwanza, nikanyamaza kuwapa nafasi. Kimya. Nikaimba wa pili. Kimya vile vile, na wao wakitabasamu, wakingoja niendelee. Bwana harusi akanisogelea kwa heshima, akasema, "Ammi, huna nyimbo za Kiarabu?"

"Sina, mwanangu."

"Ma'alesh, si neno. Basi pumzika, tutaweka muziki."

Nikashuka. Nilikuwa nikimwongoza farasi kwenye gari alipokuja msichana mbio, mjukuu wa nyumba ya harusi. Bibi yake ananiita. Nikamfuata mpaka kwenye baraza ya upande wa wanawake, nikamkuta bibi kizee amekaa kwenye kiti cha magurudumu, macho yameingia ukungu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona hukumaliza?"

"Hapana aliyeitikia."

"Mimi niliitikia," akasema. "Sauti yangu haifiki huko. Haya, imba."

Nikakaa kwenye kizingiti, nikaimba taratibu. Akaitikia kila mahala, kwa sauti kama karatasi inayokunjwa, na mkono akiupiga pajani. Msichana alitutazama sote wawili, akauliza kwa Kiarabu tunasema nini. Bibi akacheka, akamwambia, "Hayo hayasemeki kwa Kiarabu."

Nikawa nampitia kila Ijumaa baada ya sala. Alinipa kahawa na tende, akanieleza mtaa aliozaliwa Unguja, duka la mkate lilikuwa wapi, nani alimposa nani. Kisha tuliimba. Sijui kama nimewahi kuwa na hadhira nzuri kuliko ile ya mtu mmoja.

Ijumaa moja nikakuta geti limefungwa. Jirani wa mkabala akaniambia bibi kachukuliwa na bintiye kwenda Maskati, anahitaji kuwa karibu na spitali. Nambari ya simu hakuwa nayo. Nikarudi garini.

Sikupata habari zake tena. Yule farasi alikwishazeeka akafa, na harusini siitwi. Mwanangu hunipigia simu: "Baba, njoo ukae na sisi." Fleti yao iko juu, majirani wako ukuta kwa ukuta. Namwambia nitafikiri. Hapa Ibra nina mitende michache nyuma ya nyumba, na alasiri mfanyakazi anayeimwagilia akishaondoka, naingia humo naimba kwa sauti yote niliyobakiwa nayo, na hapana anayenizuia.