Ponti ya Kamyoneti Iliyompeleka Baba Kailo

Baba alifia hospitali ya Kindu alfajiri, na kabla jua halijapanda nilikuwa nimelala chini ya kamyoneti nikifungua bolti. Watu huniuliza nililia vipi. Sikulia. Nilitafuta spana.

Ajenti wa usafi wa serikali, Mbelgiji kijana, alikuwa ametuambia maiti itoke mjini kabla ya saa tisa mchana, ama izikwe katika makaburi ya mji. Baba alikuwa ameomba jambo moja tu: alale Kailo, karibu na mama yake. Gari lililopatikana lilikuwa moja, kamyoneti ya kabla ya vita ya mwenye duka niliyemfanyia kazi, mzee Mwislamu mwenye moyo mzima kuliko gari lake.

"Ichukue, mutoto wangu," aliniambia. "Lakini unajua mwenyewe. Kule nyuma haiko muzima."

Nilijua. Ponti, lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma ambamo meno hugeuza nguvu ya injini iende magurudumuni, ilikuwa imelia muda mrefu, kisha ghafla ikanyamaza. Nilipotoa kifuniko nilipata sababu. Ndizi. Dereva aliyenitangulia alikuwa ameijaza ndizi mbivu. Madereva wengi wa kwetu walifanya hivyo: ndizi husagika na mafuta, huwa uji mzito, kelele hutulia, na mwenye gari huamini limepona. Chini ya uji ule mweusi meno yalikuwa yamelika hadi kuwa makali kama visu. Harufu ilikuwa ya pombe iliyochacha. Nakumbuka harufu hiyo kuliko uso wa baba asubuhi ile.

Nyuma ya duka kulikuwa na kamyoneti nyingine ya aina ileile, iliyokufa injini. Nikatoa magurudumu ya meno ya ponti yake, dogo na kubwa pamoja, kwa sababu meno yaliyozoeana hayatenganishwi. Hakuna aliyenifundisha hayo. Nilijifunza kwa kufungua magari mabovu na kuyafunga tena, na kwa kuwa sikuwa na mwalimu wa kuniambia basi, inatosha, sikujua kamwe ni wakati gani inatosha.

Nikayafunga meno hayo kwenye ponti yetu, nikachanganya masizi na mawese, nikayapaka, nikayazungusha. Mahali yanapogusana, rangi hufutika. Ilifutika pembeni, si katikati inavyotakiwa. Nikafungua, nikakata kipande chembamba cha bati kutoka kopo la maziwa, nikakiweka nyuma ya gurudumu dogo la meno, nikafunga, nikapaka, nikazungusha. Karibu. Karibu tu. Nikafungua tena.

Baba mdogo alikuja akainama. Nikaona viatu vyake kwanza, halafu kichwa.

"Bado?"

"Bado, baba mudogo."

"Lakini inazunguka! Nimeiona na macho yangu, inazunguka!"

"Inazunguka mubaya."

"Mubaya namna gani? Unatengeneza saa ya mukono? Kaka yangu hatasikia makelele."

Shangazi, aliyekuwa ameketi kwenye kivuli cha ukuta, akasema, "Yeye mwenyewe alikuwa anakoroma kushinda hii gari." Wanawake wakacheka, na kicheko chao kikageuka kilio papo hapo. Mimi nilikuwa nikifuta masizi kwenye jino.

Nitasema ukweli. Gari lisiporekebishwa vizuri lingekwama njiani, na baba angezikwa porini. Hiyo ilikuwa kweli. Lakini pia nilijua kwamba nikimaliza itanibidi nitoke chini ya gari, niinue sanduku la baba. Kwa hiyo sikuweza kutofautisha kazi iliyohitajika na kazi niliyojificha ndani yake.

Mara ya mwisho rangi ilifutika katikati ya kila jino, alama ndogo safi kama punje ya mchele. Nikamimina mafuta mapya. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimeshavuka uwanja. Baba mdogo alitupa sigara yake, akaenda kuwaita wabebaji. Ajenti wa usafi alituona tukitoka, akatazama saa, akageuka upande mwingine.

Usukani nilimwachia dereva mwingine, nikapanda nyuma na sanduku, si kwa ajili ya baba. Nilitaka kusikia. Ponti ilikuwa chini yake moja kwa moja, nikalala kifudifudi kando ya sanduku na kuweka sikio kwenye mbao. Wanawake wakaanza kunipapasa mgongo.

"Mwache, mwache alie."

Haikulia. Kilima hadi kilima, haikulia. Dereva akabadilisha gia, nikasubiri mlio, haukuja.

Kailo walikuwa wamekwisha kuchimba. Jua lilikuwa chini tulipomshusha. Mimi ni mtoto wa kwanza, kwa hiyo udongo wa kwanza ulikuwa wangu. Nikauchota, nikafungua mkono juu ya kaburi. Haukuanguka wote. Viganja vyangu vilikuwa na grisi na udongo ulinata.

"Inatosha," baba mdogo alisema kwa sauti ya chini.

Niliendelea kuukwangua kwa ukucha, kidole baada ya kidole, hata uliokuwa katikati ya vidole, mpaka wote ukaingia kaburini kwake. Watu walisubiri.