Mashine ya Kumvuta Mama

Mume wangu Iddi ni fundi wa simu na kompyuta pale Kigoma mjini, na ukiuliza hapa Ujiji utaambiwa ni mpole. Mpole kwa watu wengine. Mimi niliyeolewa naye najua ana wivu, na wivu wake una jina: Abdulatif, au Latifu, mdogo wake wa tumbo moja, mfanyabiashara wa dagaa, jirani yetu nyumba ya tatu.

Chanzo ni mama yao. Akishaswali alasiri hujitanda kanga, anapita mlangoni kwetu, anaitikia shikamoo zetu bila kupunguza mwendo, anaingia kwa Abdulatif. Huko kuna televisheni imemeza ukuta mzima na tamthilia za Kituruki zinazosema Kiswahili. Hatoki mpaka isha. Sisemi uongo, mimi roho iliniuma kuliko Iddi. Huyo Safina, mke wa Abdulatif, hata ugali wa muhogo unamshinda, unatoka na madonge, halafu yeye ndiye wa kukaa na mama mkwe akimpa habari za mtaa!

"Mama anapenda kioo kikubwa," nilimwambia Iddi.

"Tutaona," akasema. "Nitampa kitu ambacho Latifu hana."

Kitu chenyewe kilikuwa sandukuni: kanda za video za marehemu baba yao, Mzee Abdulmajid. Harusi, maulidi, mzee akibishana na wapagazi bandarini. Deki ya kuzichezea ilikwisha kufa siku nyingi. Iddi aliazima deki nyingine mjini, akazihamisha zote, moja moja, akaamua kuunda kompyuta ya sebuleni ya kuzihifadhi, iunganishwe na televisheni yetu, mama abonyeze rimoti amwone mumewe.

Hapo nikamjua mume wangu upya, maana kila kifaa alikichagua kwa wivu. Feni aliijaribu kwa sikio kwanza, akakataa zote zinazovuma, kwa sababu mama asiposikia vizuri hunyanyuka akaondoka. Kasha lenye taa za rangi hakutaka hata kuliona. Alichukua jeusi, pana, la kulala kama deki, ili mama asilione geni. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, akatafuta ndogo tu. Kubwa inatoa joto, joto linataka feni nyingi, na feni ni kelele. Picha za zamani hazihitaji nguvu, alisema. Lakini betri ya kushikilia umeme alinunua ya maana.

"Umeme ukikatika tu," akaniambia, "atakumbuka kwamba Latifu ana jenereta."

"Wewe unaunda kompyuta au unamuunda Latifu?" nikamtania. Hakucheka.

Mwisho zikaja diski za kuhifadhia, mbili, aina moja, ukubwa mmoja. Kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa papo hapo kwenye nyingine. Moja ikiharibika, Iddi alisema, baba hatakufa mara ya pili.

Siku ilipokamilika alimsubiri mama mlangoni, amevaa kanzu utadhani ni sikukuu ya Idi.

"Mama, leo pita ndani."

Akapita. Mzee akatokea kwenye kioo, mwembamba, kofia imelala upande, anamcheka mtu asiyeonekana. Mama akainuka, akaweka kiganja kwenye kioo, akarudi kukaa. Alikaa nasi mpaka isha, akala samaki wangu wa migebuka, na kesho yake akarudi. Akazoea. Alasiri nyingine Safina alikuja kuuliza kama tumemwona mama, naye anamwona kabisa hapo mkekani. Nilimkaribisha kwa sauti ya juu. Nilifurahi, sikufichi, nilifurahi mpaka nikaona haya kidogo.

Ijumaa moja Iddi alifungua kasha apulize vumbi. Mama akasogea kuchungulia.

"Na hivi viwili vinavyofanana?"

"Humo ndimo alimo baba," Iddi akajibu kwa majivuno. "Yumo wote humu, na yumo wote humu."

"Hakupungua?"

"Hata picha moja, mama."

Mama aliitikia kwa kichwa, ameridhika. "Umefanya vema, baba. Nilikuwa najiuliza utamgawiaje mdogo wako. Haya, toa kimoja nimpelekee."

"Mama, hicho ni cha akiba!"

"Akiba ya nini? Baba yenu alipofariki tuligawa mpaka kofia zake. Wewe unataka kumweka mara mbili nyumba moja, na mwenzio hana?"

Iddi akanitazama. Nilitamani kusema hapana, lakini ningesema nini mbele ya mama mkwe? Nikaangalia pembeni. Iddi akachukua bisibisi, akakitoa. Mama akakifunga kwenye pindo la kanga, akavaa ndara zake. Pale mlangoni akageuka.

"Na mashine ya kukitia, utamtengenezea lini? Feni iwe kama hii. Mdogo wako naye hapendi makelele."

Akashika njia ya nyumba ya tatu.

Iddi alibaki amechuchumaa mbele ya kasha lililo wazi. "Nimemrudisha baba kwa mikono yangu," akasema, "na bado Latifu kapewa nusu."

Hakupewa nusu, alipewa mzima. Lakini hilo sikumwambia.