Msusi Anayeacha Kichwa Nusu

Saa nne kamili asubuhi, simu inalia mbele ya kioo. Msusi anaachia nywele katikati na kufuta mikono. Mteja, upande mmoja umesukwa na wa pili umesimama timtim, wala hashtuki.

"Nenda, Bosi anataka kula," anasema.

Bosi ana miaka sita. Yuko kwenye stuli nyuma ya pazia, anachora. Anapewa kikombe cha uji, na mama yake haondoki mpaka kiishe.

"Mama, nimeshiba."

"Umeshiba ukimaliza."

Mtoto huyu alizaliwa bila kimeng'enya kimoja kinachosaidia mwili kuvunja mafuta yawe nguvu. Wengine tukikosa chakula, mwili hula akiba yake. Wake hauwezi.

"Daktari aliniambia, kuni anazo, kiberiti ndicho hana," anasema msusi.

Akikaa na njaa muda mrefu, hasa akiwa na homa, sukari ya damu hushuka. Hulegea, kisha husinzia.

Msusi anaujua usingizi huo. Mwanawe wa kwanza alipata homa akiwa na mwaka mmoja na nusu, akakataa kula. Mama mkwe wake, aliyemuuguza kutwa nzima, alisema: "Mwacheni alale. Mgonjwa akilala anapona."

Wakamwacha. Hakuamka.

"Na mimi nilifurahi kwamba amelala. Nimlaumu nani?" anasema msusi. Machozi yanamlengalenga. Sababu waliijua Bosi alipozaliwa na kupimwa.

Zamani alisuka vichwa vitano kwa siku. Sasa ni vitatu, na wateja wengine wamehama.

"Anayenitaka atasubiri. Nywele hazifi," anasema, na mteja wake anacheka mpaka kitana kinadondoka.

Ila Jumatatu Bosi anaanza shule. Darasa lina watoto sitini na mwalimu mmoja. Msusi hafichi kitu: anaogopa. Anatamani siku moja binti yake aisome saa mwenyewe na kudai chakula bila kuona haya.

Mara mlango unasukumwa. Mama mkwe anaingia na chupa mpya ya chai kwapani.

"Nimeshaongea na mwalimu mkuu," anasema kabla hajaketi. "Nitakaa pale getini kila siku. Saa nne ikifika, naingia na uji."

"Bibi, na nikiwa nimelala darasani?" anauliza Bosi.

"Nakuamsha."

"Na mwalimu akilala?"

"Namwamsha na yeye!"

Wote wanacheka. Kisha bibi anamgeukia msusi, sauti imeshuka.

"Mwanangu, mmoja nilisema aachwe alale. Huyu atanichoka kwa kumwamsha."

Msusi ananyoosha mkono kuomba simu ya mama mkwe wake, anaitegesha ilie saa nne kamili, na kumrudishia.