Mafundi Wako Nje

Jamani wenzangu, hili nawaambia nyie tu. Mwanangu Zuhura ana duka la vitenge Kariakoo, na juzi, nikiwa naye dukani, kompyuta yake iligoma. Duka lake lote limo humo, wateja na mzigo. Akapiga simu, kisha akaniambia, "Mama, nafika mtaa wa Gerezani mara moja. Usiizime kompyuta. Mafundi wako nje, wataitengeneza."

Nikachungulia. Kweli, vijana wawili wamekaa barazani.

"Nyie ndio mafundi?"

Wakatazamana. "Shikamoo bibi. Ndio sisi."

"Marahaba. Sasa mnakaa juani kama hamna kwenu?"

Nikawapa chai na maandazi. Wakasema kompyuta inatakiwa ofisini kwao. Mimi huyu huyu nikaifunga kwa kitenge kipya isiingie vumbi, nikawashikia na mlango.

Zuhura akarudi, simu sikioni. "Mama, fundi anasema haioni kompyuta. Umeizima?"

"Fundi gani tena? Si wameondoka nayo."

Akakaa chini, palepale sakafuni. "Mama, nje ya nchi. Mafundi wangu wako India, wanatengeneza kwa mtandao."

Na mimi nilikuwa naosha vikombe vya wale wageni wangu.